Antibiotiki kwa Samaki wa Kufugwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafugaji wa Nairobi

Majibu haya yanawahusu wanaofuga tilapia (ambaye wengine humwita perege au ngege) na kambare katika vidimbwi vya udongo, vidimbwi vya karatasi ya nailoni na matangi, kuanzia Ruai na Kamulu hadi Karen, Kikuyu na Juja. Hayachukui nafasi ya daktari wa mifugo, kwa sababu antibiotiki ni dawa za kuandikiwa na mtaalamu aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Yameandikwa ili mfugaji anapomwita daktari huyo, amwite mapema, akiwa na habari zinazohitajika.

Samaki wangu wameanza kufa. Ninunue dawa gani?

Usinunue dawa bado. Pima maji kwanza, na uyapime alfajiri kabla jua halijachomoza. Usiku kucha mwani wa kijani uliomo kidimbwini hupumua kama samaki wanavyopumua, kwa hiyo oksijeni huwa chini kabisa kunapopambazuka. Ukiwakuta samaki wamekusanyika juu ya maji wakihema saa kumi na mbili asubuhi, kisha kufikia saa nne wanaogelea kama kawaida, shida yako ya kwanza ni hewa, na hakuna antibiotiki inayoongeza hewa majini. Tilapia hustawi oksijeni ikiwa miligramu 5 au zaidi kwa lita, na ikishuka chini ya 3 huanza kudhoofika. Pima pia amonia, naitraiti, asidi ya maji na joto lake. Vipimo hivi huchukua chini ya saa moja, na mara nyingi ndivyo vinavyotoa jibu.

Hata bakteria wakiwa wameingia kweli, maji mabaya huwa ndiyo yaliyowafungulia mlango. Ukitibu na kuyaacha maji yalivyo, ugonjwa utarudi.

Nitajuaje kwamba ni bakteria wala si kitu kingine?

Kwa macho pekee huwezi kuwa na hakika, lakini namna vifo vinavyotokea hutoa fununu. Samaki wote, wakubwa kwa wadogo, wakifa usiku mmoja, shuku oksijeni au sumu. Vifo vinavyoanza kwa samaki wawili, kesho yake wanne, kisha tisa, huku wengine wakiwa na vidonda, madoa mekundu kwenye tumbo, macho yaliyotokeza au tumbo lililojaa maji, huelekea zaidi kuwa vya bakteria. Samaki wanaojisugua kwenye kuta au sakafu ya kidimbwi kwa kawaida wana vimelea kwenye ngozi na matamvua, nao vimelea hawauawi na antibiotiki. Vivyo hivyo kuvu na virusi, vikiwemo virusi vya tilapia vilivyoelezwa na wanasayansi mara ya kwanza mwaka 2014 nchini Israeli.

Kuna mfano mmoja unaowapotosha wengi. Utando mweupe unaofanana na pamba huweza kuwa kuvu, na huweza pia kuwa bakteria aitwaye Flavobacterium columnare, ambaye hula ngozi, mapezi na matamvua, na mara nyingi huacha alama iliyofifia mgongoni mfano wa tandiko la punda. Matibabu ya hali hizi mbili ni tofauti kabisa, na anayezitenganisha kwa uhakika ni mtu mwenye hadubini.

Ni bakteria gani wanaosumbua zaidi?

Kwa tilapia na kambare, jina linalotajwa mara nyingi ni Aeromonas hydrophila. Huyu huishi majini siku zote bila kumdhuru samaki mwenye afya, lakini hushambulia anayechoka kwa kusafirishwa, kubanwa au kujeruhiwa na wavu. Streptococcus agalactiae na Streptococcus iniae huwapata tilapia hasa maji yakiwa ya moto. Hawa huingia ubongoni, ndiyo maana samaki huzunguka kama pia na macho yake huwa na ukungu. Wapo pia Edwardsiella na Francisella. Wanaofuga trauti kwenye maji baridi ya nyanda za juu wana maadui wao, Yersinia ruckeri na Aeromonas salmonicida, ambao wafugaji wa mjini hawana haja ya kuwahofia.

Kuku wangu huwatibu kwa kuwawekea dawa kwenye maji. Kwa nini nisimwage pakiti hiyo hiyo kidimbwini?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na linastahili jibu refu, kwa maana kosa lililomo ndani yake ndilo linalowagharimu wafugaji pesa nyingi zaidi.

Kuku hunywa maji. Samaki wa maji baridi, ingawa anaishi majini, hunywa kidogo sana: mwili wake una chumvi kuliko maji yanayomzunguka, hivyo maji humwingia yenyewe kupitia matamvua, na kazi ya figo zake ni kuyatoa nje. Dawa iliyomwagwa majini kwa hiyo haimfikii kwa njia ya kinywa kama inavyomfikia kuku.

Sasa tuhesabu. Vidimbwi vingi vilivyochimbwa nchini chini ya mpango wa serikali wa kufufua uchumi ulioanza 2009 vilikuwa na ukubwa wa mita za mraba 300, na wengi wanaendelea kuchimba kwa kipimo hicho. Kina kikiwa wastani wa mita moja, kidimbwi hicho kina lita 300,000. Chukua pakiti ya gramu 100 ya unga wa dawa ya kuku wenye asilimia 5 ya antibiotiki iitwayo oksitetrasaiklini. Ndani yake mna gramu 5 tu za dawa yenyewe. Ukizigawa kwa lita 300,000 unapata chini ya miligramu 0.02 kwa lita. Ili kufikia hata miligramu 20 kwa lita, ungehitaji kilo 6 za dawa halisi, yaani pakiti 1,200 za aina hiyo. Hakuna mfugaji atakayezinunua, wala hapaswi kuzinunua.

Pakiti moja haiui bakteria wanaowaletea samaki ugonjwa. Inawaonjesha dawa tu, na wale wanaoweza kuistahimili hubaki na kuzaana. Zaidi ya hayo, oksitetrasaiklini hushikana na kalsiamu na magnesiamu katika maji magumu ikapoteza nguvu, na mwanga wa jua huivunjavunja. Kama maji yako huzunguka kupitia kichujio chenye bakteria wanaosafisha amonia, dawa huweza kuwaua hao walinzi, na amonia ikapanda siku chache baadaye. Mfugaji hudhani ugonjwa umezidi, kumbe dawa ndiyo iliyoleta balaa la pili.

Kuwaogesha samaki kwa dawa hufanyika, ila ni kwenye tangi dogo la vifaranga au la samaki wachache waliotengwa, kwa maelekezo ya daktari.

Kwa nini daktari huniuliza kwanza siku ambayo samaki walipunguza kula?

Kwa sababu antibiotiki ya samaki wengi huingia mwilini kwa chakula, na samaki mgonjwa huacha kula. Hapo ndipo ugumu wote wa tiba hii ulipo. Mkulima wa ng'ombe akichelewa siku tatu, daktari bado anaweza kumdunga ng'ombe sindano. Mfugaji wa samaki elfu moja akichelewa siku tatu, dawa atakayoichanganya na chakula italiwa na samaki wazima, na wale wanaoihitaji watakuwa chini wamelala bila kuigusa.

Kwa hiyo anayelisha ndiye tabibu wa kwanza wa kidimbwi, awe ni wewe, mtoto wako au kijana uliyemwajiri. Asiwe mtu wa kumwaga chakula na kuondoka. Asimame dakika kumi, atazame ni wangapi wanaokuja juu, chakula kinaisha baada ya muda gani, na nani amejitenga pembeni, kisha aandike. Chakula kinachobaki siku mbili mfululizo bila sababu ni taarifa ya kumpigia daktari simu, hata kama hakuna samaki aliyekufa.

Kuna sababu moja isiyo ya ugonjwa ambayo sisi wa Nairobi tunapaswa kuikumbuka. Mwezi wa Julai maji ya vidimbwi vyetu hupoa, na tilapia hupunguza kula joto la maji likishuka chini ya nyuzi 20. Katika majira hayo, kipimajoto kitazamwe kwanza kabla ya kufikiria maradhi.

Ninapeleka sampuli ya namna gani, na wapi?

Usipeleke samaki aliyekufa akielea tangu jana. Samaki huoza upesi, na bakteria wa uozo hujaa mwilini hata maabara ikashindwa kumtambua aliyeua. Chagua samaki watatu hadi watano walio hai lakini wanaoonyesha dalili, uwaweke kwenye mfuko imara wenye maji na hewa nyingi, na uwafikishe siku hiyo hiyo. Ikishindikana, wauawe kwa njia ya haraka isiyowatesa na wawekwe kwenye barafu, lakini wasigandishwe. Chukua pia chupa ya maji ya kidimbwi, na karatasi yenye vipimo vya maji, idadi ya vifo kwa siku na dawa yoyote uliyokwisha kuitumia. Tafadhali usiifiche hiyo ya mwisho: samaki aliyekwisha kupewa antibiotiki huweza kutoa jibu la uongo maabarani.

Wakazi wa Nairobi wana bahati ya kuwa karibu na Kabete, zilipo maabara kuu za mifugo za serikali na Kitivo cha Tiba ya Wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Piga simu kabla ya kwenda ili wakupokee. Mtaalamu huchukua sampuli kwenye figo, na kwenye ubongo akishuku Streptococcus, akaotesha bakteria waliomo, kisha akaweka vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa mbalimbali juu yao. Pale bakteria wanaposhindwa kukua kando ya kidonge, dawa hiyo ina nguvu juu yao; wakikua hadi ukingoni, ni pesa ya bure. Jibu huja baada ya siku kadhaa. Daktari huweza kuanza tiba kabla ya hapo vifo vikiwa vinapanda, kisha akaibadilisha jibu likifika.

Ni antibiotiki zipi hutumika kwa samaki, na kwa kipimo gani?

Zilizozoeleka duniani ni chache: oksitetrasaiklini, florfenikoli, na mchanganyiko wa salfa na dawa nyingine inayoitia nguvu. Nchini Marekani, kwa mfano, florfenikoli huruhusiwa kwa kipimo cha miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya samaki kwa siku, kwa siku 10. Oksitetrasaiklini huhitaji kipimo kikubwa zaidi, takriban miligramu 55 hadi 80 kwa kilo kwa siku, nayo pia kwa siku 10, kwa sababu utumbo wa samaki huifyonza kidogo tu na sehemu kubwa hutoka na kinyesi. Dawa nyingi zilizo kwenye maduka ya agroveti zimetengenezewa kuku na ng'ombe, kwa hiyo maelekezo ya pakiti hayakufai. Ni daktari anayepaswa kukukokotolea.

Ukitaka kuielewa hesabu yake, fikiria samaki 1,000 wenye wastani wa gramu 200. Hao ni kilo 200. Kwa miligramu 10 kwa kilo, wanahitaji gramu 2 za florfenikoli kila siku. Kama wanakula asilimia 2 ya uzito wao, chakula cha siku ni kilo 4, na hizo gramu 2 zichanganywe humo. Unga ukiwa na asilimia 10 ya dawa, utapima gramu 20 za unga kwa siku, na gramu 200 kwa siku zote kumi. Ukibahatisha uzito wa samaki, hesabu nzima imepotea. Vua samaki thelathini kwa wavu, uwapime, upate wastani. Watoe waliokufa katika idadi.

Dawa huchanganywa vipi na chakula?

Pima kwa mizani, si kwa kijiko. Koroga unga kwenye mafuta ya kupikia kidogo, mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo ya chakula, kisha nyunyizia peleti huku ukizigeuza mpaka zote zipate. Zianike kivulini. Mafuta huzuia dawa isiyeyukie majini kabla samaki hajameza. Vaa glavu na ufunike pua na mdomo. Wape chakula chenye dawa kwanza, wakiwa na njaa, na upunguze kiasi cha chakula ili kimalizwe chote.

Vifo vimekoma siku ya nne. Niache ili nihifadhi dawa iliyobaki?

Usiache. Maliza siku ulizoandikiwa. Dawa iliyokatizwa katikati huwaacha hai bakteria wagumu kuliko wenzao, na watakaporudi hawataisikia tena. Ikiwa kinyume chake vifo vinaendelea vile vile baada ya siku tatu au nne, mjulishe daktari. Usiongeze kipimo wala kuchanganya dawa ya pili kwa hiari yako.

Naweza kuwauza lini baada ya tiba?

Baada ya kipindi cha kusubiri kilichoandikwa na daktari kuisha chote. Samaki hana joto lake mwenyewe. Mwili wake hufuata joto la maji, na maji yakiwa baridi dawa humtoka polepole. Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya, hadi kanuni zake zilipobadilishwa mwaka 2022, dawa ilipotumika kwa samaki bila kuwa imesajiliwa kwa ajili yao, ulidai kungojwe mpaka nyuzijoto za maji zikijumlishwa siku kwa siku zifike angalau 500. Kwenye maji ya nyuzi 25 hizo ni siku 20, na kwenye maji ya nyuzi 20 ni siku 25. Marekani huhesabu kwa siku tu: 21 kwa oksitetrasaiklini na 15 kwa florfenikoli. Kwa baridi ya Nairobi, ningemshauri mfugaji ashike hesabu ya joto.

Najua kinachotokea. Mnunuzi wa Gikomba amefika na pesa mkononi, ada ya shule inadaiwa, na samaki wanaonekana wazima. Hata hivyo mama anayemnunua samaki huyo hana namna ya kuyaona mabaki ya dawa kwa macho wala kuyanusa, na kukaanga au kuchemsha hakutegemewi kuyaondoa. Viwango vya kimataifa vya chakula vinaruhusu mikrogramu 200 tu za oksitetrasaiklini katika kilo ya nyama ya samaki. Amana hiyo iko mikononi mwa mfugaji peke yake. Andika tarehe ya dozi ya mwisho kwenye ubao kando ya kidimbwi, mahali ambapo kila mtu wa nyumbani ataiona.

Nimeuziwa kloramfenikoli na kuambiwa ni kali. Niitumie?

Hapana kabisa. Kloramfenikoli imepigwa marufuku kwa wanyama wa chakula katika Umoja wa Ulaya, Marekani na nchi nyingine nyingi, kwa kuwa huweza kuufanya uboho wa mifupa ya mtu uache kutengeneza damu. Hutokea kwa nadra, lakini hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Furazolidoni na ndugu zake wako katika marufuku hiyo. Usiichanganye na florfenikoli: majina yanakaribiana, lakini florfenikoli haina ile sehemu inayohusishwa na madhara hayo.

Je, niwape antibiotiki kidogo kila mwezi ili wasiugue, au vifaranga wanapowasili?

Hapana. Dozi ndogo za mara kwa mara ndiyo njia ya hakika ya kufuga bakteria sugu. Vifaranga wapya wahitaji kupumzika kwenye tangi lao kwa wiki mbili au tatu, mbali na samaki wa zamani, na chumvi ya gramu 1 hadi 3 kwa lita huwapunguzia uchovu wa safari.

Sijawahi kutumia antibiotiki kidimbwini, lakini maabara imesema bakteria wangu ni sugu. Imewezekanaje?

Angalia unachokirutubishia kidimbwi. Samadi ya kuku waliotibiwa hubeba mabaki ya dawa pamoja na bakteria sugu, na matumbo ya kuku wanayolishwa kambare bila kupikwa hufanya vivyo hivyo. Bakteria hupeana vinasaba vya usugu hata wasipokuwa wa jamii moja, na kidimbwi chenye matope na joto la wastani ni mahali pazuri kwa biashara hiyo. Tetrasaiklini hutumiwa hospitalini pia, kwa hiyo usugu ulioota kidimbwini una njia ya kufika wodini.

Naweza kumwagilia sukuma wiki kwa maji ya kidimbwi kilichotibiwa?

Subiri. Sehemu kubwa ya dawa hutoka kwa samaki ikaingia majini na kwenye matope. Katika siku za tiba na kipindi cha kusubiri, usiyamwage kwenye mboga zinazoliwa majani, wala usiyaelekeze mtoni.

Kuna chanjo?

Zipo. Chanjo ya kwanza ya samaki dhidi ya bakteria iliyouzwa kibiashara ilipewa leseni Marekani mwaka 1976, kwa ajili ya trauti, na katika baadhi ya nchi sasa kuna chanjo za tilapia dhidi ya Streptococcus. Norway ndiyo mfano unaonipa matumaini: mwaka 1987 wafugaji wake wa samoni walitumia karibu tani 50 za antibiotiki, kisha baada ya chanjo kuenea matumizi yakashuka, na katika miaka ya karibuni yamekuwa chini ya tani 1 kwa mwaka ingawa samaki wanaofugwa wameongezeka mara nyingi. Muulize daktari wako kuhusu chanjo zilizosajiliwa hapa kabla ya kununua chochote kinachoitwa chanjo.

Bakteria hawa humwambukiza mtu?

Baadhi yao, ndiyo. Streptococcus iniae na Aeromonas huingia kupitia jeraha, na Mycobacterium marinum huacha uvimbe mkononi usiopona kwa wiki nyingi. Mwaka 2015 nchini Singapore watu wengi waliugua Streptococcus agalactiae baada ya kula samaki mbichi wa maji baridi. Samaki aliyepikwa akaiva hana hatari hiyo. Ukichomwa na mwiba wa pezi, osha kwa sabuni papo hapo, na ukienda hospitalini mwambie daktari kwamba unafuga samaki.

Nifanye nini na waliokufa?

Waokote kila asubuhi na jioni, kwa sababu samaki wenzao huwala na kuugua. Uwafukie kwenye shimo lenye kina, mbali na kisima, na uwanyunyizie chokaa. Wasipewe mbwa wala nguruwe, na wasiuzwe. Nyavu na ndoo zilizotumika kwenye kidimbwi hicho zisiingie kingine kabla ya kuoshwa na kuanikwa juani zikauka kabisa.